Sahani ya Kaure: Alama ya Kitako Hutaja Kiwanda, Haitaji Bei

Vikielea, vimeundwa. Methali hii aghalabu husemwa juu ya vyombo vya majini, lakini yafaa vilevile kwa vyombo vya mezani. Sahani nyeupe yenye maua ya buluu, iliyokaa juu ya kabati tangu enzi za babu, huonekana na wengi kuwa chombo cha wali tu, tena cha kizamani. Watu wa namna hiyo huitoa kwa bei ya bure siku mchuuzi apitapo mlangoni. Wapo na wengine ambao, wakiona maandishi ya Ulaya kitakoni mwa sahani, hudhani kwamba wameokota hazina, wakatoa mshahara wa mwezi mzima kwa kitu ambacho kiwanda kilikichapa kwa maelfu. Wa kwanza hupoteza mali aliyokuwa nayo. Wa pili hununua mali isiyokuwapo. Wote wawili wameponzwa na jambo moja, nalo ni kutoitazama sahani yenyewe.

Katika mji wa Bujumbura jambo hili haliko mbali kama linavyodhaniwa. Wajerumani waliweka kambi yao ya kijeshi hapa, Usumbura ya wakati ule, mwaka 1897. Wabelgiji waliuchukua mji mwaka 1916, wakakaa hadi uhuru wa Burundi tarehe 1 Julai 1962. Kabla yao na pamoja nao walikuwapo wafanyabiashara wa Ujiji na wa pwani, na Kiswahili chao kingali kikisemwa katika mtaa wa Buyenzi. Na mwaka 1928 wamisionari Wabaptisti kutoka Denmark walianza kazi yao Musema, katika milima ya pande za Kayanza. Kila kundi lilikuja na vyombo vyake. Mtu anayerejea kwao kwa safari ndefu hufunga nguo na vitabu. Sahani ni nzito, tena huvunjika, hivyo mara nyingi huachiwa mpishi, jirani au rafiki. Ndivyo sahani ya Copenhagen iwezavyo kukutwa leo katika nyumba ya askari, imefunikia mtungi wa maji.

KAURE NA UDONGO WA KAWAIDA

Jambo la kwanza ni kutenganisha kaure halisi na vyombo vya udongo vilivyopakwa weupe. Kaure hufanyizwa kwa udongo mweupe uitwao kaolini, ambao hata Afrika Mashariki unao, kama vile katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam. Udongo huo huchanganywa na mawe yaliyosagwa, kisha huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,400 hivi, mpaka chombo kizima kiwe kigumu na kiwe na asili ya kioo. Wachina waliijua kazi hiyo kwa karne nyingi kabla ya Wazungu. Huko Ulaya siri hiyo ilifumbuliwa Ujerumani, na kiwanda cha Meissen kikaanzishwa mwaka 1710.

Kuitambua kaure hakuhitaji mtambo. Sahani iinuliwe mbele ya taa au dirisha, na kiganja kiwekwe nyuma yake: katika kaure kivuli cha vidole huonekana, katika udongo wa kawaida hakionekani. Kisha ishikwe kwa ncha za vidole na kugongwa polepole kwa ukucha: kaure nzima hulia kama kengele ndogo, udongo hutoa sauti nzito na fupi. Tena patazamwe ile duara ya kitakoni isiyofunikwa na utando wa kioo. Katika kaure sehemu hiyo ni nyeupe na laini kama jiwe lililosuguliwa. Katika udongo wa kawaida ni ya vinyweleo, na aghalabu hunywa maji na kuchafuka.

ALAMA YA KITAKONI

Baada ya hapo sahani igeuzwe. Kiwanda cha kifalme cha Copenhagen kilianzishwa tarehe 1 Mei 1775, chini ya ulinzi wa Malkia Juliane Marie, na mtu aliyekiongoza alikuwa mkemia, Frantz Heinrich Müller. Kilikuwa mali ya mfalme tangu 1779, kikauzwa kwa watu binafsi mwaka 1868. Alama yake ni mistari mitatu ya mawimbi, iliyochorwa kwa rangi ya buluu chini ya utando wa kioo. Mawimbi hayo ni milango mitatu ya bahari inayopita kati ya nchi na visiwa vya Denmark: Øresund, Store Bælt na Lille Bælt. Vyombo vya baadaye vina pia muhuri wa taji na maneno ya Royal Copenhagen.

Kiwanda cha pili kilichojulikana sana ni cha Bing & Grøndahl, kilichoanzishwa mwaka 1853 katika mji uleule. Alama yake ni minara mitatu, iliyotwaliwa katika nembo ya mji wa Copenhagen, pamoja na herufi B na G. Viwanda hivi viwili viliunganishwa mwaka 1987.

Mwenye jicho la subira atapata mengi zaidi hapo kitakoni. Herufi au namba ndogo iliyoandikwa kwa mkono kando ya mawimbi ni saini ya mchoraji. Namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju hueleza kazi: ya kwanza hutaja pambo, ya pili hutaja umbo la chombo. Tangu mwaka 1935 kiwanda cha kifalme kilianza kuweka kistari kidogo juu au chini ya herufi mojawapo ya jina lake, ili kuonyesha mwaka chombo kilipotengenezwa. Jina la nchi nalo husaidia: Marekani ilianza mwaka 1891 kudai kwamba bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, hivyo chombo kilichoandikwa neno Denmark kwa kawaida si cha kabla ya miaka hiyo.

Iko alama moja ambayo wauzaji hawapendi kuitaja. Sahani iliyotoka tanuri ikiwa na dosari, kama vile doa au kupinda, haikuvunjwa kila mara. Ilikwaruzwa mstari uliokata alama ya kiwanda, ikauzwa kwa bei ya chini kama bidhaa ya daraja la pili. Mkwaruzo huo ukipitishwa ukucha huhisika. Mnunuzi asiyeujua hulipa bei ya daraja la kwanza.

MKONO WA MTU NA MUHURI WA MASHINE

Alama hutaja kiwanda. Haisemi kama ua lililo juu ya sahani limechorwa kwa mkono, wala kama chombo ni adimu. Hayo huulizwa upande wa juu.

Pambo la kwanza la kiwanda cha kifalme, lile la mwaka 1775, ni maua ya buluu yaliyoigwa kwa asili kutoka China, yaliyochorwa juu ya sahani yenye mikunjo midogo kama ya kombe la baharini. Wadenmark huliita Musselmalet. Rangi yake ni ya madini ya kobalti, ambayo kabla ya kuchomwa haina uzuri wowote, kisha moto huigeuza kuwa buluu. Mchoraji hufanya kazi juu ya kaure iliyochomwa mara ya kwanza tu, ambayo bado hunywa maji. Rangi ikishagusa hapo imekwisha kunywewa, haifutiki. Kwa hesabu ya kiwanda chenyewe, sahani moja ya chakula yahitaji mipigo 1,197 ya brashi. Liko pambo la kawaida, liko la nusu lesi, na liko la lesi kamili ambalo ukingo wake aghalabu umetobolewa kama kitambaa cha kudarizi. Hili la mwisho ndilo lenye kazi nyingi, na kwa kawaida ndilo lenye bei kubwa.

Mkono wa mtu hujulikana kwa kioo cha kukuzia, hata kile cha kuchezea watoto. Mpigo wa brashi huanza mwembamba, hunenepa, kisha huacha rangi nzito mahali brashi ilipoinuliwa. Majani mawili hayawi sawasawa, na sahani mbili za seti moja zikiwekwa pamoja hutofautiana kidogo, kama hati za maandishi za mtu mmoja zinavyotofautiana siku hadi siku. Chapa, kwa upande wake, hufanana mahali pote. Chini ya kioo huonyesha vinukta vidogo vilivyopangwa, au mistari iliyo sawa unene tangu mwanzo hadi mwisho. Na penye ukingo mara nyingi huonekana kiungo, pale ambapo karatasi ya picha ilikutana na pambo likakatika.

Nayo buluu si dalili ya Denmark peke yake. Viwanda vya Ujerumani na vya Norway vimefanya mapambo ya buluu yanayofanana mno na hilo, vingine kwa brashi, vingine kwa chapa. Tena hata katika kaure ya kifalme yenyewe, chombo kipya kinaweza kuchorwa kwa mkono: siku hizi sehemu kubwa ya kazi hufanywa Thailand, kwa brashi vilevile. Kwa hiyo kuchorwa kwa mkono si ushahidi wa ukale.

MFANO WA VYOMBO VINNE

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja ya Buyenzi. Mama mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa mpishi wa Wazungu, ana vyombo vinne kabatini. Mchuuzi amefika, amevitazama kwa muda, akasema: “Mama, vitu hivi vimepitwa na wakati. Nipe vyote vinne, nami nitakuletea sahani sita mpya za melamini, hazivunjiki hata zikianguka sakafuni.” Mama anakaribia kukubali, kwa kuwa wajukuu wanakula kwa zamu. Mwanawe, sajini aliyekuja likizo, anamjibu mchuuzi kwa adabu: “Mzee, turudie kesho. Mama atafikiri.” Mchuuzi anaongeza sahani mbili palepale. Hapo ndipo sajini anapotambua kwamba kati ya vinne kimo kimoja kinachotafutwa.

Jioni hiyo vinapangwa mezani karibu na taa. Cha kwanza ni sahani kubwa ya buluu yenye picha ya kinu cha upepo. Mwanga haupenyi, basi si kaure. Kitakoni pana jina la Boch, kiwanda cha Ubelgiji kilichokuwa na makao yake La Louvière, pamoja na maneno ya Delfts na Royal Sphinx. Chini ya kioo picha ni chapa. Ni pambo zuri la ukutani la karne ya 20, lililotengenezwa kwa wingi mno, na bei yake ni ndogo.

Cha pili ni sahani ya buluu ya Krismasi, yenye mwaka 1969 na minara mitatu. Hii ni kaure kweli, na ni ya Denmark kweli. Bing & Grøndahl ndio waliotoa sahani ya kwanza ya Krismasi mwaka 1895, na kiwanda cha kifalme kikafuata mwaka 1908. Kila mwaka huwa na picha yake, na kalibu yake huvunjwa mwaka ukiisha. Sifa hiyo ya kuvunjwa kwa kalibu imewadanganya wengi. Kalibu moja huvunjwa, lakini kabla ya kuvunjwa sahani nyingi sana zimekwisha kutoka. Zile za miaka ya mwanzo hutafutwa. Za miaka ya 1960 na 1970 zimejaa katika nyumba za Ulaya, na wenyewe hawajui pa kuzipeleka.

Cha tatu ni bakuli nzito yenye maua mekundu na kijani yaliyopakwa haraka haraka, nalo limeunganishwa kwa pini za chuma. Kitakoni pana picha ya sanamu ya sfinksi na jina la Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi. Mwanga haupenyi. Bakuli za aina hii zilipelekwa kwa wingi katika masoko ya Asia na ya pwani ya Afrika Mashariki, na hadi leo hukutwa Unguja na Lamu. Kazi ni ya mkono, lakini ya brashi nene, iliyokusudiwa kuwa rahisi. Mnunuzi wa kaure ya Denmark hataitaka. Ila mama anakumbuka kwamba ilikuja kutoka Ujiji pamoja na bibi yake, siku ya harusi. Kwa mtu anayechunguza historia ya biashara ya ziwa, maneno hayo yakiandikwa yana uzito kuliko bakuli lenyewe. Na kwa ukoo hayana kipimo.

Cha nne ni sahani ndogo ya matunda, ukingo wake umetobolewa kama lesi. Kivuli cha vidole kinaonekana. Mawimbi matatu yapo, saini ya mchoraji ipo, kistari cha mwaka kipo, mkwaruzo haupo. Chini ya kioo kila jani lina unene na wembamba wake. Hiki ndicho alichokuwa akikitazama mchuuzi. Lakini sajini anapoigonga kwa ukucha, sauti inakatika mapema. Akiielekeza kwenye taa anaona ufa mwembamba kama unywele, unaotoka ukingoni kuelekea katikati. Bei imeshuka mno kwa ufa ule, hata kama hauonekani kwa mbali. Hata hivyo chombo hicho kimoja, pamoja na ufa wake, kingali kikizidi sahani nane za melamini, na mama sasa anajua anachobishania.

BEI HUTOKA WAPI

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Kwa kaure ya kale methali hiyo hushinda nusu tu, maana kizuri hakijiuzi mahali ambapo hakuna akijuaye. Sahani ya Copenhagen ina bei moja Copenhagen, ambako wanunuzi wake ni wengi, na ina bei nyingine Bujumbura, ambako mnunuzi huenda ni mmoja tu. Kati ya bei hizo mbili mna nauli, bima, ushuru, faida ya dalali, na hatari ya sahani kufika ikiwa vigae. Mwenye chombo asidhani ameibiwa kwa sababu tu hakupewa bei ya Ulaya. Wala asikubali bei ya bure kwa sababu tu yuko mbali na Ulaya.

Tena kuna bei inayotajwa na bei inayolipwa. Muuzaji anaweza kutaja kiasi chochote apendacho, na tangazo lake likakaa mwaka mzima bila mtu kununua. Kipimo cha kuaminika ni bei zilizolipwa mnadani. Nyumba za minada, kama Bruun Rasmussen ya Copenhagen iliyoanzishwa mwaka 1948, hutangaza matokeo ya mauzo yao, na kijana mwenye simu anaweza kumtafutia mama yake vyombo vya aina ileile, vyenye namba zilezile na hali ileile. Matokeo kadhaa yatazamwe, si moja lililo kubwa kuliko yote.

Mambo yanayopandisha bei ni haya: umri uliothibitishwa, uchache, kazi nyingi ya mkono, uzima wa chombo, na ukamilifu wa seti. Mfano mkubwa ni vyombo vya Flora Danica, vilivyoagizwa mwaka 1790 kwa amri ya mwana wa mfalme Frederik. Inasimuliwa kwamba vilikusudiwa kuwa zawadi kwa Malkia Catherine wa Urusi, ambaye alifariki mwaka 1796 kazi ikiwa haijaisha. Mchoraji Johann Christoph Bayer alinakili juu yake mimea ya kitabu cha elimu ya mimea ya Denmark, na jina la kila mmea likaandikwa kwa Kilatini nyuma ya chombo. Kazi iliposimamishwa mwaka 1802 vyombo vilikuwa 1,802. Aina hiyo imeendelea kutengenezwa tangu 1863 na hata iliyo mpya ni ghali, kwa sababu mchoraji hutumia siku nyingi juu ya chombo kimoja. Hapa bei yafuata jasho, wala si jina peke yake.

Habari za mwenye chombo wa zamani nazo hupandisha bei, lakini kwa sharti la ushahidi. Mwandishi Mdenmark Karen Blixen aliishi karibu na Nairobi tangu 1914 hadi 1931. Shamba lake la kahawa liliposhindwa, vitu vya nyumbani mwake viliuzwa. Baadaye Denmark iliikabidhi Kenya nyumba ile kama zawadi ya uhuru, na jumba la makumbusho likafunguliwa humo mwaka 1986. Tangu jina lake livume, ni rahisi kwa muuzaji kusema kwamba kikombe fulani kilikuwa chake. Pasipo hati, barua au picha ya zamani, maneno hayo hayaongezi hata faranga moja.

Yamkini pia ikumbukwe kwamba mapenzi ya watu hubadilika. Seti kubwa za vyombo vya karamu zilikuwa fahari ya nyumba za Ulaya. Vijana wengi wa huko leo hukaa katika nyumba ndogo na hawazihitaji, hivyo bei za seti nyingi za kawaida zimeshuka. Asemaye kwamba kaure ya kale hupanda bei kila mwaka anauza, hafundishi.

MALI IWE YA HALALI

Jambo hili lawahusu hasa walinda usalama. Huko pwani, makaburi ya kale ya Kunduchi na Kaole nchini Tanzania, na nguzo ya kaburi la Mambrui nchini Kenya, yalipambwa kwa sahani na bakuli za kaure ya China zilizopachikwa ukutani. Mahali pengi leo yamebaki mashimo ya duara, vyombo vyenyewe vikiwa vimeng'olewa. Chombo cha namna hiyo kikiletwa sokoni mara nyingi huwa kimevunjika ukingoni, na kitakoni kina mabaki ya chokaa yaliyoganda. Nchini Tanzania mali za kale zinalindwa na sheria ya mwaka 1964. Askari aonaye bakuli lenye chokaa, na muuzaji asiyeweza kueleza lilikotoka, ana sababu ya kuuliza maswali zaidi. Mnunuzi naye, hata awe mwema kiasi gani, akinunua kitu cha kaburi amenunua kesi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kaure na aandike katika daftari upana wa kila chombo kwa sentimita, alama na namba zote za kitakoni, saini ya mchoraji, mahali palipo ufa au pengo, na jinsi kilivyoingia katika nyumba. Picha mbili zipigwe, ya juu na ya chini. Mtu aliyeibiwa akifika kituoni na kusema “sahani yangu ya maua ya buluu”, polisi hana pa kuanzia, kwa kuwa sahani za maua ya buluu ni nyingi. Akitaja mawimbi matatu, saini, namba na ufa wa upande wa kulia, chombo hicho kinaweza kutambuliwa kati ya mia.

UTUNZAJI

Akina mama waliozoea kusugua masufuria kwa majivu na mchanga wasivitumie kwa kaure. Mchanga hukwaruza utando wa kioo, na dhahabu ya ukingoni huondoka kabisa. Ndimu na siki nazo huharibu rangi zilizopakwa juu ya utando. Yatosha maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini, na chombo kioshwe kimoja kimoja katika beseni la plastiki. Maji ya moto yasimwagwe katika chombo baridi, maana ndiyo yanayozaa ufa. Sahani zipangwapo, kipande cha kitambaa kiwekwe kati ya moja na nyingine. Familia inayopewa uhamisho isilaze sahani bapa sandukuni. Zisimamishwe kwa ukingo, kila moja imefungwa peke yake, na nafasi zijazwe nguo.

Vyombo vya kale vyenye rangi zilizopakwa juu ya utando visitumiwe kwa achari, maji ya ukwaju wala vyakula vingine vikali, kwa kuwa baadhi ya rangi za zamani zilitiwa risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Na chombo chenye ufa kisipakwe gundi ya haraka ili kuuficha. Fundi asiye stadi huongeza hasara. Na anayeuza chombo kilichotengenezwa bila kumwambia mnunuzi amekosa uaminifu, hata kama hakuulizwa.

Mchuuzi akija mlangoni, basi, asifukuzwe na asikubaliwe palepale. Atajiwe siku ya kurudi. Katika siku hiyo moja vyombo vitenganishwe, kila kimoja kitazamwe kwa taa, kwa ukucha na kwa kioo, alama zake ziandikwe, na bei zilizolipwa kwingine zitafutwe. Kisha kila chombo kitajiwe bei yake peke yake. Mchuuzi anayesema kwamba atanunua vyote kwa pamoja au aache vyote, amekwisha kusema kwamba kimojawapo anakitaka sana.